Makro na Nyongeza: Historia ya Wachezaji Waliojifunza Lugha ya Mchezo

Makala haya yanachunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina nafasi katika jarida la taaluma za Kiswahili, nalo ni jinsi wachezaji wa michezo ya kompyuta ya mtandaoni walivyojifunza kuirekebisha michezo hiyo kwa kuandika makro na nyongeza. Makro ni amri kadhaa zilizofungwa pamoja na kupewa kitufe kimoja. Nyongeza ni programu ndogo inayoingizwa ndani ya programu kubwa ili kuipa sura au uwezo ambao watungaji wake hawakuuweka. Zote mbili ni maandishi. Zina msamiati, zina sarufi, na mwenye kuivunja sarufi hiyo hujibiwa kwa ujumbe wa kosa au kwa kimya. Hujifunzwa kwa kuiga maneno ya waliotangulia, kama lugha nyingine yoyote. Zaidi ya hayo, zimezua mabishano ya zaidi ya miaka thelathini juu ya swali moja: ni sehemu gani ya mchezo ambayo mtu anaweza kuyaachia maandishi yake yamfanyie, na bado ikasemwa kwamba ni yeye aliyecheza?

Suala hili linawahusu wasomaji wa Lubumbashi kwa sababu iliyo karibu zaidi. Mwanafunzi wa mtaa wa Makomeno anayetamani kujifunza kuandika programu hukabiliwa na vikwazo ambavyo havihitaji kuelezwa kirefu: umeme unaokatika, kifurushi cha intaneti kinachokwisha kabla ya kazi kwisha, na vitabu vya Kiingereza mikononi mwa mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa na anayeishi kwa Kiswahili. Ni rahisi kudhani kwamba maarifa ya aina hii huzaliwa katika nchi za utajiri na kufika kwingine yakiwa yamechakaa. Historia ya lugha ya Lua, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, inaonyesha vingine.

Enzi ya maandishi matupu

Michezo ya kwanza ya watu wengi kwa pamoja haikuwa na picha. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kutunga mchezo uliokuja kujulikana kama MUD. Mwaka 1980 kazi hiyo ikashikwa na mwenzake Richard Bartle. Mchezaji alisoma kwenye skrini maelezo ya chumba alichomo, akaandika kitenzi na nomino, na mchezo ukamjibu kwa maelezo mengine. Kila kilichotendeka kilitendeka kwa sentensi. Hata kupigana na joka kulikuwa ni kusoma na kuandika kwa haraka.

Mwaka 1989 aina hiyo ya mchezo ilipata matawi mawili muhimu. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, James Aspnes alitunga TinyMUD, ambamo kila mchezaji aliweza kujenga vyumba vyake mwenyewe. Huko Uswidi, Lars Pensjö alitunga LPMud pamoja na lugha maalumu ya kuandikia ulimwengu wake, LPC. Katika LPMud mchezaji aliyepanda hadi daraja la juu kabisa alifanywa mchawi, na uchawi wenyewe ulikuwa ruhusa ya kuandika msimbo. Uandishi ulikuwa ndiyo tuzo ya mwisho ya mchezo. Ni vigumu kupata mfano mwingine ambao kujua kuandika kumepewa heshima ya wazi kiasi hicho.

DikuMUD, iliyotungwa na wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na kutolewa mwaka 1991, ilichukua njia nyingine. Ulimwengu wake uliandikwa kwa lugha C, na mchezaji wa kawaida hakuwa na mlango wa kuingilia ndani yake. Matokeo yake yanafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa yatajirudia baadaye: pale ambapo mlango wa ndani ulifungwa, wachezaji walijenga wa nje. Walitunga programu za kukaa kati ya mchezaji na mchezo, zikisoma kila mstari unaoingia na kuandika mistari ya kutoka. Mojawapo ya programu hizo, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliitwa TinTin. Msomaji wa Kongo asidhani kwamba jina hilo lilitoka kwa yule kijana wa vitabu vya picha ambaye Hergé alianza kumsafirisha Kongo mwaka 1930; ni herufi zilizookotwa kutoka maneno ya Kiingereza yaliyoutaja mchezo wa Diku.

Katika TinTin mtu aliweza kuandika, kwa mfano, kwamba pindi mchezo utakapotamka maneno "una njaa", programu ijibu "kula mkate". Aliweza pia kufupisha: herufi mbili zikasimama badala ya sentensi tatu. Hapa ndipo neno makro lilipopata kazi yake katika michezo. Asili yake ni Kigiriki, likiwa na maana ya kitu kirefu, na katika miaka ya 1950 watayarishaji wa programu walilitumia kwa amri moja ambayo mashine huifungua na kuwa amri nyingi. Neno lenye maana ya urefu likawa jina la ufupisho.

Mabishano nayo yalianza papo hapo. Mchezaji ambaye programu yake humlisha, humtibu na kumpigania, je, yumo mchezoni? Katika Ultima Online, iliyotoka mwaka 1997, ustadi uliongezeka kwa kurudia tendo lilelile, na kwa hiyo kukawa na wachezaji walioiacha makro ikichonga mbao usiku kucha wao wakiwa wamelala. Kufikia mwisho wa karne, kila mtunzi wa mchezo wa mtandaoni alikuwa na uchaguzi wa kufanya: kuufunga mlango na kupambana na wale watakaochimba ukuta, au kuufungua na kuweka bawabu.

Lugha iliyozaliwa katika uhaba

Ili kuelewa mlango uliofunguliwa mwaka 2004, hapana budi kurudi nyuma hadi Rio de Janeiro. Tangu mwaka 1977 hadi 1992 Brazili ilikuwa na sera ya kulilinda soko lake la kompyuta dhidi ya bidhaa za nje. Vifaa na programu za kigeni havikuweza kununuliwa kwa urahisi. Aliyehitaji kitu ilimlazimu kukitengeneza. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio kulikuwa na maabara iliyoitwa Tecgraf, iliyoanzishwa mwaka 1987, na mteja wake mkubwa alikuwa Petrobras, shirika la mafuta la taifa.

Wahandisi na wanajiolojia wa Petrobras walihitaji kuingiza takwimu nyingi kwenye kompyuta na kutoa ripoti za tabaka za miamba. Kwa ajili hiyo Tecgraf ilitunga lugha mbili ndogo, DEL na Sol. Mwaka 1993 Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes walizichanganya mbili hizo katika lugha moja. Kwa kuwa sol kwa Kireno ni jua, lugha mpya iliitwa Lua, yaani mwezi.

Inafaa kukaa kidogo juu ya watumiaji wale wa kwanza, maana wao ndio walioipa lugha hii tabia yake. Hawakuwa watayarishaji wa programu. Walikuwa watu wa miamba na mafuta ambao kompyuta kwao ilikuwa chombo cha kazi nyingine. Kwa hiyo Lua ilitungwa bila alama za kutisha. Sharti huanza kwa neno na kumalizika kwa neno. Mpangilio wa data ni wa aina moja tu, jedwali, ambalo hufanya kazi ya orodha, ya kamusi na ya daftari. Vitu katika orodha huhesabiwa kuanzia moja, wakati lugha nyingi za kompyuta huanzia sifuri, jambo linalomfaa mtu ambaye hajawahi kuwa na sababu ya kuita ng'ombe wake wa kwanza kuwa wa sifuri. Tena Lua haikukusudiwa kusimama peke yake. Ilitungwa ili iingizwe ndani ya programu nyingine na kuitumikia.

Lugha hii ingeweza kubaki Rio. Iliyoitoa ni makala. Desemba 1996 watungaji wake waliieleza katika Dr. Dobb's Journal, jarida la Marekani lililosomwa sana na watayarishaji wa programu. Mmoja wa wasomaji, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya michezo ya LucasArts, aliichukua na kuitumia katika Grim Fandango, mchezo uliotoka mwaka 1998. Tangu hapo sifa zake zikaenea miongoni mwa watunzi wa michezo: ilikuwa ndogo, ilikuwa ya bure, na ilikubali kukaa ndani ya nyumba ya mwingine bila kuleta fujo. Udogo wake si maneno ya kupamba. Toleo la 5.1 la mwaka 2006, pamoja na maelekezo yake yote, lilipakuliwa kwa takriban kilobaiti 200, kiasi kilicho chini ya picha moja ya simu. Kwa mtu wa Makomeno anayepima kila megabaiti, tarakimu hiyo ina maana kuliko sifa nyingine zozote.

Jambo moja linastahili kusemwa na mwanaisimu, hata kama watungaji hawakulitilia mkazo. Maneno ya msingi ya Lua yote ni ya Kiingereza. Wabrazili watatu, wakiwaandikia Wabrazili wenzao katika nchi iliyokuwa imejifungia soko lake, hawakutumia Kireno kwa neno la sharti wala la kurudia. Kireno kilibaki katika jina tu.

Mlango na bawabu

Tarehe 23 Novemba 2004 kampuni ya Blizzard ilitoa World of Warcraft nchini Marekani. Ulaya ilipata mchezo huo tarehe 11 Februari 2005, pamoja na toleo la Kifaransa. Kufikia mwaka 2010 ulikuwa na walipaji zaidi ya milioni 12. Kiolesura chake, yaani vitufe, ramani, mikoba na vipimo vya uhai vinavyoonekana kwenye skrini, kiliandikwa kwa Lua, na kampuni iliruhusu wachezaji waweke maandishi yao ya Lua kando ya yale yake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Nyongeza ni folda. Ndani yake mna faili ya utambulisho inayotaja jina la nyongeza na namba ya toleo la mchezo (kwa toleo la 1.12 la mwaka 2006 namba hiyo ilikuwa 11200), kisha orodha ya faili za Lua zitakazosomwa. Hakuna chombo cha kununua wala cha kusakinisha. Kihariri chochote cha maandishi kinatosha. Msimbo wa kiolesura ulioandikwa na kampuni yenyewe uliweza kutolewa na kusomwa, na hicho ndicho kilichokuwa kitabu cha kiada. Mchezaji aliyetaka kujua jinsi mkoba unavyofunguliwa alifungua faili ya mkoba. Aliinakili, akabadilisha mstari mmoja, akatazama kilichoharibika, akairudia. Wengi waliojifunza Lua kwa njia hii hawakuwahi kudhani kwamba wanajifunza lugha ya kompyuta. Walidhani wanahamisha kitufe.

Kilichowatatiza wanafunzi hawa mwanzoni kilikuwa mpangilio wa wakati. Nyongeza haitendi kwa mfululizo kama hadithi. Hukaa na kungoja tukio. Mchezaji anapoingia mchezoni, tukio moja hutangazwa. Anapopungukiwa na uhai, jingine. Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo haijatumiwa na walimu. Lugha yake hutenganisha, ndani ya kitenzi kimoja, wakati wa tendo na sharti la tendo: "anapoingia" si sawa na "akiingia". Tukio katika Lua ya mchezo ni -po-, na sharti ni -ki-. Anayeiona tofauti hiyo katika kitenzi chake ameshaelewa nusu ya somo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa kadhaa.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya uhuru mkubwa kuliko kampuni ilivyotarajia. Misafara ya watu 40 ilikuwa ikiingia mapangoni kupigana na viumbe waliotupa laana na sumu, na waganga wa msafara walipaswa kumtambua aliyelaaniwa na kumwondolea laana. Nyongeza iitwayo Decursive iliwapitia watu wote 40, ikamchagua mwenye kuhitaji na tiba inayomfaa, na mganga akabaki na kazi ya kubonyeza kitufe kilekile tena na tena. Ilifanya vizuri kazi ambayo mchezo ulikuwa umeitunga iwe ngumu.

Desemba 2006, kwa toleo la 2.0, Blizzard ilibadilisha sheria. Tangu siku hiyo maandishi ya mchezaji hayakuweza tena kuamua, wakati wa mapigano, nani atendewe wala tendo lipi litendwe. Kazi za msimbo ziligawanywa: zilizolindwa, ambazo ni msimbo wa kampuni tu ulioweza kuziita, na zilizo wazi kwa wote. Msimbo wa kampuni uliogusa kitu kilichoandikwa na mchezaji ulihesabiwa kuwa umepata doa, na doa hilo liliambukiza kila ulichokigusa baadaye, mfano wa unajisi katika sheria za dini. Badala ya uhuru uliopotea, makro zilipewa sarufi mpya ya masharti. Makro iliyoandikwa

/cast [help] Flash Heal; [harm] Smite

humtibu rafiki na kumpiga adui kwa kitufe kimoja, lakini ni binadamu anayechagua wa kumwelekezea. Urefu wa makro nzima haukuruhusiwa kupita herufi 255, na ufinyu huo ulizaa ufundi wa kubana maneno ambao washairi wa mizani wangeutambua.

Uamuzi wa 2006 ulikuwa wa haki, na sababu yake ni ya kifalsafa zaidi kuliko ya kiufundi. Ulitenganisha kujua na kutenda. Nyongeza iliruhusiwa kumwambia mchezaji kila kitu, na kukatazwa kumtendea. Kwa kipindi fulani mpaka huo ulionekana imara. Waliotaka kuuvuka kabisa walikwenda nje ya mchezo, kama lilivyokuwa jambo la DikuMUD: programu iliyoitwa Glider ilimchezea mtu bila yeye kuwepo, kesi ikafika mahakamani, na mwaka 2008 na tena 2010 mahakama za Marekani ziliamua, angalau kwa sehemu, dhidi ya mwenye programu hiyo. Machi 2009 kampuni ilitoa kanuni za nyongeza: zitolewe bila malipo, msimbo wake usifichwe, zisibebe matangazo wala kuomba michango ndani ya mchezo. Sharti la kutoficha msimbo lilinung'unikiwa na baadhi ya waandishi, lakini ndilo lililohifadhi ile shule isiyo na mwalimu. Nyongeza iliyofichwa haiwezi kunakiliwa na anayejifunza.

Kisha mpaka wenyewe ukaanza kumomonyoka. Mwaka 2010 nyongeza iliyojulikana kwa herufi AVR ilichora alama juu ya ardhi ya ulimwengu wa mchezo, ikimwonyesha kila mmoja asimame wapi. Haikutenda lolote, ilijulisha tu. Hata hivyo kampuni iliizuia mwaka huohuo katika toleo la 3.3.5, kwa kuwa kujua kupita kiasi kulikuwa kumekuwa sawa na kutendewa. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2025, Blizzard ilitangaza kwamba kuanzia toleo la Midnight nyongeza hazitaweza kukokotoa habari za mapigano yanapoendelea. Zitaweza kuzionyesha kwa sura nyingine bila kuzilinganisha wala kuamua kwazo. Mwaka huohuo kampuni yenyewe iliingiza mchezoni kitufe kinachomchagulia mchezaji tendo linalofuata. Alichokatazwa mwandishi wa nyongeza mwaka 2006 sasa kinatolewa na mwenye nyumba. Ni halali yake, lakini inaonyesha kwamba mabishano hayakuwa juu ya mashine kumsaidia mtu tu. Yalikuwa pia juu ya nani aandike msaada huo.

Makro inapofika Lubumbashi

Mchezo huu hulipiwa kila mwezi, na seva zake za Ulaya ziko mbali na Katanga. Tangu mwaka 2011, hata hivyo, mtu ameweza kucheza bure hadi daraja la 20, na kwa kujifunza kuandika nyongeza daraja hilo latosha. Matatizo yanayomngoja ni ya namna tatu, na mawili ya kwanza hayasemwi katika vitabu kwa sababu waandishi wake hawakukutana nayo.

La kwanza ni umeme. Mapendeleo ya nyongeza, kama vile mahali pa kitufe au rangi ya maandishi, hayaandikwi kwenye diski pale yanapobadilishwa. Mchezo huyaandika mchezaji anapotoka kwa utaratibu au anapoamuru kiolesura kipakiwe upya. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla, kazi ya jioni nzima hupotea, na asiyelijua hili hutafuta kosa katika msimbo wake ambao hauna kosa. Amri /reload kila baada ya badiliko ni desturi ambayo mkazi wa Makomeno ana sababu ya kuishika kuliko mkazi wa Paris.

La pili ni lugha ya mchezo wenyewe. Makro huutaja uchawi kwa jina, na jina hilo hutegemea toleo. Ile makro ya Flash Heal iliyonukuliwa hapo juu haitibu yeyote katika toleo la Kifaransa, ambamo tiba hiyo huitwa Soins rapides, na Smite huitwa Châtiment. Masharti yaliyo katika mabano hubaki ya Kiingereza. Kwa hiyo mchezaji wa Lubumbashi anayetumia toleo la Kifaransa na kunakili makro kutoka kwa mchezaji wa Uingereza hulazimika kujua ni maneno yapi ni sarufi na yapi ni majina: yapi yabaki na yapi yatafsiriwe. Ni zoezi la isimu lililo safi, nalo hutolewa bila mwalimu kulitunga.

La tatu ni Kiswahili. World of Warcraft haijawahi kuwa na toleo la Kiswahili. Ndani ya nyongeza, lakini, hakuna kizuizi. Waandishi wa nyongeza wamezoea kuweka maneno yote yanayoonekana katika jedwali moja, ufunguo upande wa kushoto na tafsiri upande wa kulia. Anayetaka lugha mpya huongeza jedwali. Kazi ya aina hiyo ilishafanywa kwa Kiswahili katika uwanja mwingine: mwaka uleule wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisini zilizovikwa Kiswahili.

Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa Afrika Mashariki mwaka 1930, inamtumikia mwandishi wa Lua vizuri kwa namna ambayo kamati haikuweza kuitabiri. Haina alama juu ya herufi. Majina ya vitu katika msimbo huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama, tarakimu na mstari wa chini. Hivyo "kitufe", "uhai" na "mchezaji" hukubaliwa kama yalivyo, wakati Mfaransa hulazimika kuivua lugha yake vilemba. Kasoro ni moja, nayo ni ng'. Kwa Lua alama ile ya king'ong'o ni mwanzo au mwisho wa maandishi yaliyonukuliwa. Anayeandika ng'ombe kati ya alama za kunukuu zilizo moja-moja atakuwa ameifunga nukuu baada ya herufi mbili, na mashine itamlalamikia juu ya "ombe". Dawa ni kutumia alama mbili-mbili.

Ugumu mkubwa zaidi hauko katika tahajia. Waandishi wa nyongeza hutunga sentensi zenye pengo: mahali pa jina huwekwa %s, na mchezo hulijaza. Kwa Kiingereza sentensi ya kusema kwamba kitu fulani kimevunjika hubaki ileile, kiwe upanga, ngao au kisu. Kiswahili sanifu hudai upanga umevunjika, ngao imevunjika, kisu kimevunjika, na jedwali halijui ngeli. Mtafsiri ana njia mbili: kulifundisha jedwali ngeli, kwa kulipa kila nomino alama yake, au kuukwepa upatanisho kwa kuandika "Kuvunjika: %s", kauli iliyo sahihi na isiyosemwa na mtu yeyote.

Kuna njia ya tatu, nayo husemwa kila siku Makomeno. Kiswahili cha Lubumbashi, kilichokua tangu mwaka 1910 midomoni mwa wafanyakazi walioletwa migodini kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, kina "batu" na "bintu" pale penye watu na vitu. Kimepunguza mno upatanisho wa ngeli kwa visivyo na uhai, na kiambishi i- kimeelekea kuzichukua nomino ambazo Kiswahili sanifu hukizigawia ngeli kadhaa. Shuleni hilo husahihishwa kwa wino mwekundu. Katika jedwali la nyongeza, sentensi moja yenye i- hulijaza pengo kwa upanga, ngao na kisu bila kuhitaji msimbo wa ziada, na msomaji wa Lubumbashi huisoma kama maneno ya nyumbani kwake.